Kutunza Betri ya Gari Lililoegeshwa

Gari lenye vitanda na jiko likiegeshwa majuma mengi, betri yake haipumziki. Saa na vyombo vidogo huendelea kuinyonya, na joto huzidisha upungufu huo. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban volti 12.7, ikishuka chini ya 12.4 yafaa itiwe umeme. Ikiachwa tupu, salfeti hugandamana juu ya mabamba yake, nayo haijai tena.

Basi mwenye gari na afungue waya wa hasi kabla ya ule wa chanya. Betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri, si ya mfereji. Itiwe umeme penye hewa, mbali na moto, kwani gesi yake hulipuka.