Seli na Tishu Unganishi katika Kinundu cha Usubi: Historia ya Utafiti na Maana Yake kwa Uluguru

Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambamo ugonjwa wa usubi umekuwapo kwa muda mrefu. Ugonjwa huo huenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito yenye maji ya kasi. Mnyoo jike aliyekomaa, Onchocerca volvulus, hukaa ndani ya kinundu cha tishu unganishi chini ya ngozi, na huweza kuishi humo kwa zaidi ya miaka 10. Makala haya yanafafanua jinsi utafiti ulivyobadili uelewa wa kinundu hicho.

Awali, tishu unganishi ilichukuliwa zaidi kuwa kijazio kinachoshikilia viungo. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, Élie Metchnikoff alichoma miiba katika lava wa kiti cha pweza, akaona seli zinazotembea zikiizunguka. Kwa mtazamo huo, kinundu kinaweza kufasiriwa kuwa gereza: mwili umeshindwa kumwua mnyoo, ukamfungia.

Hatua iliyofuata ilihusu namna seli inavyoishika tishu. Mwaka 1986, Richard Hynes na wenzake walitoa jina la integrini kwa protini ya utando wa seli inayojishikiza kwenye fibronektini iliyo nje. Baadaye ilibainika kwamba integrini hupitisha ishara pande zote mbili. Hivyo basi, seli huijenga tishu, nayo tishu huielekeza seli.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibainika kwamba nyutrofili hujazana kando ya mnyoo kwa sababu ya bakteria Wolbachia wanaoishi ndani yake. Bakteria hao wakiuawa kwa doksisaiklini, nyutrofili hupungua, mnyoo jike huwa tasa, na wengi hufa baadaye. Kwa hiyo, kinundu si gereza tu; ni makao ambayo mnyoo hushiriki kuyaumba.

Matokeo hayo yana uzito kwa Uluguru. Ivamektini, inayotolewa bure tangu 1987, huua hasa mikrofilaria walio ngozini. Minyoo waliokomaa kwa kawaida hunusurika. Ndiyo sababu kingatiba hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Aidha, kinundu kinachopapaswa chini ya ngozi hakithibitishi kuwapo kwa mnyoo hai, kwani tishu hubaki hata baada ya mnyoo kufa. Tathmini inayotegemea kuhesabu vinundu pekee inaweza kusoma kovu la zamani kama maambukizi ya leo.