Je, Wajua? Watu Watatu wa Pointi 31

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtu mzima aliyerudi kusoma hupita steshenari ya Mtwara mjini akachapishiwa karatasi yake, na jicho lake hutafuta kitu kimoja tu: divisheni. Akikuta ni ya nne, anaikunja karatasi na kurudi Msimbati au Mahurunga akiamini safari imeishia hapo. Hilo linaniuma, kwa sababu chuo anachokitaka huenda kisiiangalie divisheni hiyo kabisa.

Baraza la Mitihani hukokotoa hivi: huchukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Jumla ya 26 hadi 33 ni daraja la nne, 34 na 35 ni sifuri. Angalia hapo kwamba F nayo huleta pointi. Mwenye F saba ana 35. Akipata D moja, 34, bado sifuri. D mbili zinamfikisha 33, naye anaingia daraja la nne. Mwenye C mbili na D tano, aliyefaulu masomo yote saba, ana 26, na yeye pia ni daraja la nne!

Sasa chukua watahiniwa watatu, wote pointi 31. Wa kwanza ana D nne na F tatu. Wa pili ana C moja, D mbili na F nne. Wa tatu ana A moja, ya Kiswahili tuseme, na F sita. Karatasi zao zinaonyesha daraja lilelile na pointi zilezile. Lakini ngazi ya cheti katika vyuo vya kati hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kwa hiyo ni wa kwanza peke yake anayeweza kuomba. Wa pili amebakiza somo moja. D ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambayo wengi huku pwani wanayo, haihesabiwi hapo.

Huyo wa pili akirisiti, mara nyingi husajili masomo yote saba upya. Somo moja lilimtosha, maana vyuo huruhusu kuunganisha vyeti vya miaka tofauti. Na anayerudia somo moja au mawili asishtuke akikosa divisheni nzuri: hesabu ile inataka masomo saba. Aliyemaliza mwaka 2014 ndiye huchanganyikiwa zaidi, kwa kuwa mwaka huo yalitumika madaraja ya GPA, na divisheni ikarudishwa kwa matokeo ya mwaka 2015.

Aliyeishia darasa la saba huanzia Mtihani wa Maarifa, QT. Kuufaulu kunampa ruhusa ya kujisajili kidato cha nne, chuoni haumfikishi.

Mitihani hii hufanyika Novemba, korosho zikiwa zinaokotwa na minada imepamba moto. Kwa mkulima wa ukanda wa Ruvuma huo ndio mwezi wa kutafuta pesa ya mwaka mzima, na sijaona anayelijali hilo. Angalau matokeo yakitoka Januari, kila kata ingekuwa na mtu wa kukaa na watahiniwa hawa, akawasomea karatasi somo kwa somo.

D nne zikitimia, milango ipo hapahapa: chuo cha kilimo Naliendele, uvuvi Mikindani, uhasibu TIA tawi la Mtwara, uuguzi na utabibu (Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo). Zisipotimia, kuna VETA Mtwara, ambako fundi mzoefu anaweza pia kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti, na chuo cha maendeleo ya wananchi Mtawanya.