Akaraje: Urithi wa Mwafrika Jijini Salvador

Jiji la Salvador, lililoasisiwa na Wareno mwaka 1549 katika pwani ya Brazili, lilikuwa makao makuu ya koloni hilo hadi 1763, na mojawapo ya bandari kuu zilizopokea Waafrika waliouzwa utumwani. Mtaa wake mkongwe huitwa Pelourinho, yaani nguzo ya kuchapia watu viboko hadharani. Miaka ya 1990 serikali ya jimbo ilizikarabati nyumba za mtaa huo kwa ajili ya utalii, na wakazi wake wengi, weusi na maskini, wakahamishwa.

Hata hivyo, kumbukumbu ya Mwafrika jijini humo imehifadhiwa na chakula kuliko mawe. Pembezoni mwa barabara huketi wanawake wenye marinda meupe mapana, vilemba na shanga, wakiuza akaraje: kunde zilizorowekwa, zikaambuliwa maganda, zikasagwa, zikatiwa kitunguu, kisha zikakaangwa katika mafuta ya mawese. Aliyezoea bajia za kunde za Mombasa hahitaji maelezo zaidi, ila pengine kuhusu mawese hayo na kamba wakavu wanaotiwa ndani. Jina lenyewe ni la Kiyoruba: akara ndiyo bajia hiyo, na je ni kula. Mafuta nayo huitwa dende, neno la Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola. Kwa hiyo Myoruba na Mbantu, waliotenganishwa na masafa marefu barani mwao, hukutana katika kikaango kimoja ng'ambo ya bahari.

Aidha, akaraje ni chakula cha Iansã, orisha wa upepo na dhoruba katika dini ya Kandomble. Dini hiyo iliandamwa kwa muda mrefu. Hadi 1976, nyumba zake za ibada jimboni Bahia zilitakiwa kujisajili kwa polisi. Maorisha haohao, waliochongwa na msanii Carybé katika vibao 27 vya mbao, huonyeshwa katika Makumbusho ya Afro-Brazili yaliyofunguliwa jijini mwaka 1982. Ni mgeuko mkubwa ajabu kwa muda wa miaka sita.

Mwaka 2005 kazi ya wauzaji hao iliandikishwa rasmi kuwa urithi wa taifa la Brazili. Mvutano haukukoma kwa hilo. Baadhi ya waumini wa makanisa ya kiinjili huuza akaraje kwa jina la "bajia ya Yesu", ili kuitenga na Iansã. Kunde ni zilezile na mawese ni yaleyale. Kinachong'olewa ni jina tu, nalo ndilo lililobeba Kiyoruba. Kisha, Kombe la Dunia la kandanda la 2014 lilipokaribia, masharti ya waandalizi yalitishia kuwaweka wanawake hao mbali na uwanja wa Fonte Nova. Waliandamana wakiwa na mavazi yao meupe, na mwaka 2013 wachache wakaruhusiwa kuuza hapo.