Mradi wa mwani: gawa kazi kabla bamvua halijafika

Kikundi kimepata mkopo, kamba zimenunuliwa, kila mtu ana hamu. Bamvua linafika, vijiti bado havijakatwa. Hapo mmepoteza karibu wiki mbili, mpaka bamvua lijalo. Marejesho ya mkopo hayasubiri.

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Tuseme watu 10 wa Wambaa, Wilaya ya Mkoani, wanataka kuanza. Kwenye daftari wameandika: "Kuanzisha shamba." Hiyo sio kazi, ni lengo. Hakuna anayeweza kuamka asubuhi akalifanya lote.

Ligawe hivi:

1. Kununua na kukata kamba
2. Kukata na kuchonga vijiti
3. Kupigilia vijiti maji yakitoka
4. Kutafuta mbegu
5. Kufunga mbegu na kutandaza kamba shambani
6. Kutengeneza chanja cha kuanikia

Kila kazi na jina lake

Wote wanaweza kusaidia, lakini anayeulizwa awe mmoja. Kazi ya wote mara nyingi haina mwenyewe.

Mwisho uonekane

"Kushughulikia vijiti" haina mwisho. "Vijiti 200 vimechongwa na viko pwani" unaweza kwenda kuvihesabu.

Hesabu kurudi nyuma

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo tarehe mnaijua mapema. Anzia hapo, rudi nyuma. Kamba na vijiti vinaweza kwenda pamoja. Mbegu ziache mwishoni, maana zikikaa nje ya maji zinaharibika.

Hapa ndipo faida ya kugawa inaonekana: chanja kinaweza kusubiri. Mwani huvunwa baada ya kama wiki 6, kwa hiyo pesa ya chanja isitoke siku moja na ya kamba.

Usikate vipande vidogo mno

Wasimamizi wa miradi wana kanuni maarufu: kazi moja isipungue saa 8, isizidi saa 80. Ikizidi, igawe tena. Ikipungua sana, mtashinda mnaandika orodha badala ya kufanya kazi.

Huhitaji kompyuta wala programu. Karatasi moja yenye safu tatu inatosha: kazi, jina, tarehe. Ibandikeni mnapokutania, na kila mkikutana muulizane swali moja tu: kipi kimekwisha?