Sidiria Baada ya Upasuaji wa Titi

Saratani ya titi ndiyo saratani iwapatayo wanawake wengi zaidi duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo. Wengi hutibiwa kwa upasuaji: ama uvimbe peke yake huondolewa, ama titi lote. Baada ya hapo huzuka swali ambalo mara nyingi hunyamaziwa kwa sababu ya haya: mgonjwa avae nini kifuani? Swali hilo si la urembo tu. Ni la fizikia na biolojia, na anayekosea katika kuchagua aweza kudhurika.

Uzito hubebwa na nini?

Ndani ya titi hamna msuli wa kulishikilia. Titi ni mkusanyiko wa tezi za maziwa na mafuta uliolala juu ya msuli mkubwa wa kifua. Hushikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi ziitwazo kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1840. Sidiria huzisaidia nyuzi hizo. Watu wengi hudhani kuwa mzigo hubebwa na mikanda ya mabegani. Sivyo. Katika sidiria inayokaa vizuri, sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na mshipi unaozunguka kifua chini ya matiti.

Mshipi ukilegea, mzigo huhamia mabegani. Chukulia titi lenye gramu 600, ambalo uzito wake ni nyutoni 6 hivi. Likining'inia kwenye mkanda wenye upana wa sentimita 1, unaogusa bega kwa urefu wa sentimita 6, kanieneo itakuwa nyutoni 1 kwa kila sentimita ya mraba. Mkanda wenye upana wa sentimita 3 huipunguza hadi theluthi moja. Ndiyo sababu begi la vitabu lenye mikanda myembamba humwumiza mwanafunzi kuliko lenye mikanda mipana, ingawa vitabu ni vilevile.

Hatari ya kubana

Katika upasuaji wa saratani, mara nyingi huondolewa pia baadhi ya tezi za limfu zilizomo kwapani. Limfu ni majimaji yatokayo katika tishu na kurudishwa kwenye damu kwa mishipa yake yenyewe. Njia hizo zikipungua, mkono wa upande huo waweza kuvimba, hata baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa huyu hushauriwa kuepuka mkanda unaokata bega na mshipi unaoacha michirizi ubavuni.

Katika wiki za mwanzo hufaa sidiria laini ya pamba, isiyo na waya, yenye mishono bapa na vishikizo vya mbele, maana kupeleka mikono mgongoni ni vigumu. Wakati wa tiba ya mionzi ngozi huweza kuwa nyekundu na kuwasha. Hapo hata fulana ya pamba isiyobana yaweza kutosha.

Titi bandia

Aliyeondolewa titi lote aweza kuvaa titi bandia. Ruth Handler wa Marekani, aliyebuni mwanasesere Barbie, aliondolewa titi mwaka 1970. Hakuridhika na matiti bandia aliyoyakuta, akaanza kutengeneza ya silikoni, ya kushoto na ya kulia mbalimbali, kama viatu.

Kwanza hutumiwa titi jepesi la pamba. La silikoni, ambalo uzito wake hukaribia ule wa titi lenyewe, huvaliwa kidonda kikishapona, mara nyingi baada ya wiki 6 hadi 8. Ili lisihame, huwekwa katika mfuko ulioshonwa ndani ya sidiria. Fundi cherehani aweza kushona mfuko huo wa pamba katika sidiria ya kawaida. Katika joto la pwani, titi hilo lioshwe kila siku kwa sabuni na kukaushwa.

Namna ya kujaribu

Mgonjwa apimwe upya, kwa kuwa uvimbe wa upasuaji hupungua polepole. Mshipi ukae sawa mbele na nyuma, na vidole viwili viweze kupita chini yake. Sidiria mpya ifungwe kwenye kishikizo cha mwisho, ili ikazwe baadaye mpira utakapolegea. Ya mtumba ivutwe kwanza: isiporudi upesi, haitabeba uzito. Kisha mvaaji aketi, ainame na kuinua mikono. Sidiria isipande wala kuchoma.

Pakitokea wekundu, joto, usaha, au uvimbe mpya wa kifua au mkono, kubadili sidiria hakutatosha. Mgonjwa arudi hospitali bila kukawia.