Miale isiyoonekana yafichua siri za udongo wa Kianyaga

MKULIMA wa kahawa au majani chai katika eneo la Kianyaga anapotia mbolea bila kupima udongo, hubahatisha. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, uliotokana na mawe ya volkano, hung'ang'ania fosforasi hata mizizi ikaambulia kidogo tu.

Njia mojawapo ya kuuchunguza ni miale ya infraredi, iliyogunduliwa na mwanaastronomia William Herschel nchini Uingereza mwaka wa 1800.

Mfinyanzi uliomo kwenye udongo huo ni fuwele ndogo mno za madini kama kaolinaiti, zilizopangika matabaka mithili ya kurasa za kitabu. Unene wa karatasi moja ya kawaida waweza kutoshea matabaka zaidi ya 100,000.

Atomi za matabaka hayo hazitulii. Hutikisika kama nyuzi za gitaa, kila kiungo kwa kasi yake. Miale yenye kasi iyo hiyo humezwa, na iliyosalia hurudi. Mashine hurekodi iliyokosekana, na madini yakatambulika kama mtu kwa alama za vidole.

Maabara ya shirika la ICRAF, jijini Nairobi, hutumia mbinu hii. Sampuli hukaushwa, husagwa, kisha husomwa kwa dakika chache.

Hata hivyo, miale haibainishi vyema fosforasi inayofikia mimea, hivyo baadhi ya sampuli sharti zipimwe kwa kemikali. Gharama ikipungua, pesa za mbolea isiyofaa zitabaki mfukoni mwa mkulima.