Kabla ya kushuka Mbereshi, toa upepo kwenye breki

NCHELENGE – Mfanyabiashara anayepeleka sukari, sabuni na mitumba soko la Kashikishi kwa njia ya Kawambwa hushuka mteremko hadi Mbereshi gari likiwa limejaa. Mzigo wote huo, na roho zilizo juu yake, hutegemea oili kidogo iliyomo kwenye mabomba ya breki.

Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; ikishanyonya maji, yaweza kuchemka kwa nyuzi 140. Breki zikipata moto mteremkoni, maji hugeuka mvuke. Oili haibanwi, mvuke hubanwa: pedali huzama na gari halisimami.

Dawa ni kubadilisha oili na kutoa upepo, kazi ya watu wawili nyumbani kwa pickup au Canter ndogo. Malori makubwa ya breki za upepo ni habari nyingine.

Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe. Nyonya oili nyeusi kwenye kopo la breki kwa bomba la sindano, jaza mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo: kwa usukani wa kulia, nyuma kushoto; kwa gari la usukani wa kushoto kutoka Kongo, nyuma kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate.

Chomeka mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye oili. Mwenzako akanyage mara kadhaa, kisha ashikilie. Fungua skrubu, oili itoke, funga, ndipo aachie. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani. Rudia hadi itoke safi bila mapovu, ukiongeza oili kila mara; kopo likikauka, mnaanza upya.

Usitie oili ya injini, huharibu mipira. Iliyotoka usiirudishe. Pedali ikibaki laini, gari lisitoke, mwite fundi.

Uvuvi wa Mweru hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Magari yakisubiri chisense, huo ndio wakati wa kushika spana.